NYUMBA YA MKATE WA TANGAWIZI: INAJENGWA NAMNA GANI, TENA JUU YA NINI?



Katika sanduku la maulizo la gazeti letu tumekuta swali moja mara nyingi, karatasi mbalimbali na miandiko mbalimbali. Swali lenyewe ni hili: "Ni kweli kuna watu Ulaya na Marekani wanajenga nyumba kwa biskuti, wanaipamba kwa sukari, hawaili, kisha wanasema ni kwa kusaidia maskini? Hiyo si mchezo wa watu walioshiba?"

Swali ni zuri, tena limekuja kwa wakati wake. Mwezi huu kila darasa linapashwa kuambia kamati litafanya nini kwa mchango wa wagonjwa wa hospitali jirani, wale wasio na ndugu wa kuwaletea chakula. Basi tumeona heri tujibu polepole, kila jambo pahali pake.

1. KITU CHENYEWE NI NINI?

Ni nyumba ndogo, mara nyingi inatosha kukaa juu ya meza, yenye kuta na paa la mkate mgumu, sawasawa na biskuti. Mkate ule unatengenezwa kwa unga wa ngano, sukari, asali au sukari nyeusi ya maji, siagi, na viungo: tangawizi kwanza, kisha mdalasini na karafuu. Tangawizi sisi tunaijua, tunaikunywa. Karafuu wanailima ndugu wa Unguja na Pemba. Viungo hivi vyote ni vya nchi za joto. Watu wa nchi za baridi walivinunua kwa bei kali zamani, ndiyo sababu mkate wa namna hii ulikuwa mkate wa sikukuu, si wa kila siku. Miji kama Nürnberg katika Ujerumani na Toruń katika Polandi ilipata jina kubwa kwa mikate hii.

2. HADITHI YA NJAA

Wengi wanafikiri nyumba ya mkate ilitokea katika akili ya watu wenye kushiba. Tuangalie vizuri. Mwaka 1812, ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipiga chapa kitabu cha hadithi za watu wao. Ndani iko hadithi ya Hänsel na Gretel. Watoto hawa wawili ni wa mkata kuni. Njaa inaingia katika nchi, mkate unakosa nyumbani, na wazazi wanawapeleka watoto porini na kuwaacha kule. Watoto wanapotea, wanazunguka na tumbo tupu, mwisho wanakuta nyumba ya mkate, paa lake keki, madirisha yake sukari. Wanaanza kuibandua na kula. Kumbe nyumba ni mtego! Mwenye nyumba ni mchawi, aliijenga ili awakamate watoto na kuwala.

Tangu karne ile ya 19, watu wa Ujerumani wakazoea kutengeneza nyumba hizi wakati wa Noeli, na wahamiaji wakapeleka desturi Marekani.

Tushike mambo mawili hapa, tutayahitaji mbele. La kwanza: mtu anayeota nyumba ya mkate ni mtu mwenye njaa. La pili: nyumba tamu kwa nje inaweza kuwa mbaya kwa ndani, na watoto wale hawakuuliza kitu mbele ya kula.

3. KUJENGA: KAZI YA HESABU NA YA UVUMILIVU

Usifikiri ni kazi ya jikoni tu. Fundi wa matofali angeielewa mara moja.

a) Kipimo. Kwanza unachora nyumba juu ya kartoni na kukata kila kipande. Vipande vikubwa ni 6: kuta 2 za mbele na nyuma zenye ncha juu, kuta 2 za kando, na vipande 2 vya paa. Tuseme nyumba ina upana wa santimetre 16. Ukuta wa kando una kimo cha santimetre 10 na urefu wa 20. Ncha ya ukuta wa mbele inapanda santimetre 6 juu ya kuta za kando. Sasa paa liwe na upana gani? Hapa rafiki yetu Pythagore anaingia. Nusu ya upana ni 8, ncha ni 6. Mara mbili ya nguvu ya 8 ni 64, ya 6 ni 36, jumla 100, na shina lake ni 10. Basi paa linahitaji santimetre 10 ili lifike kwenye ukuta, na unaongeza 2 ili lipite ukuta kama paa la mabati linavyopita juu ya veranda. Kipande cha paa kitakuwa 12 kwa 22. Ndugu wa darasa la tatu wanaouliza teorema ile inatumika wapi, jibu ndilo hili.

b) Unga. Kwa nyumba ya kipimo hiki vinatosha vikombe 5 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha sukari, kikombe 1 cha siagi, kikombe 1 cha asali au sukari nyeusi ya maji, yai 1, na vijiko vichache vya viungo. Usitie levire wala unga wowote wa kuvimbisha. Mkate wa kula tunataka uvimbe. Mkate wa kujengea tunataka ubaki vile ulivyokatwa, maana ukivimba kingo zinapinda na kuta hazikutani tena. Unaukanda, unaupumzisha pahali pa baridi, unauviringisha mpaka unene wa karibu nusu santimetre, unaweka kartoni juu na kukata kwa kisu.

c) Furu. Joto karibu digri 175, kwa dakika 12 mpaka 15. Mkate ukitoka ungali laini. Hapo haraka unarudisha kartoni juu yake na kunyoosha kingo kwa kisu, kwani ukipoa utakuwa mgumu na kuvunjika. Kisha unauacha ukauke usiku mzima. Mwenye haraka atalia kesho yake: ukuta wenye maji ndani hauwezi kubeba paa.

d) Madirisha. Unaacha tundu katika ukuta. Dakika za mwisho za furu unalijaza na bonboni ngumu iliyopondwa. Sukari inayeyuka, inajaa tundu, ikipoa inakuwa kama kioo, mwanga unapita.

e) Sementi. Ute mweupe wa mayai 2 unapigwa pamoja na karibu gramu 400 za sukari ya unga mpaka usimame. Huu ndio udongo wa kuunganisha. Unashika kwa kukauka: maji yanatoka, sukari inabaki ngumu. Kwa hiyo bakuli lifunikwe na kitambaa chenye maji, ama sementi itakauka mbele ya kazi. Na kwa sababu yai bichi linaweza kubeba ugonjwa wa tumbo, wengi wanatumia unga wa ute uliokaushwa katika kiwanda. Wengine wanaunganisha kwa sukari iliyoyeyushwa juu ya moto. Ile inashika upesi sana, lakini inaunguza vibaya kuliko maji ya moto kwa sababu inagandama kwenye ngozi. Watoto wasiiguse.

f) Kusimamisha. Kuta kwanza. Unazishikiza kwa vikombe au mikebe ndani na nje, unangoja saa kadhaa. Paa nyuma. Anayeweka paa siku ileile juu ya sementi mbichi ataona kuta zikifunguka kama mlango. Pambo ni mwisho: theluji ya sukari, vigae vya biskuti ndogo, miti, uzio.

Adui mkubwa wa nyumba hii ni unyevu. Sukari na asali zinavuta maji kutoka hewani. Wakati wa mvua kuta zinalegea na paa linazama katikati. Sisi tunaojua nyumba za udongo zinavyofanya masika tutaelewa bila kufundishwa.

4. NAMNA MSHINDANO UNAVYOLETA FEZA

Sasa tufike kwenye moyo wa swali. Biskuti isiyoliwa inalishaje mtu? Tuchukue mifano mitatu.

Wa kwanza: Asheville, katika jimbo la North Carolina, Marekani. Tangu mwaka 1992 hoteli moja kubwa kule, Grove Park Inn, ilianza kupokea nyumba za mkate wa tangawizi, na mwisho ukawa mshindano wa nchi nzima. Kuna makundi kwa miaka: watoto wadogo, watoto wakubwa, vijana wa miaka 13 mpaka 17, na watu wazima. Sheria yake ni kali na fupi. Kila kitu kinachoonekana juu ya msingi kinapashwa kuweza kuliwa. Jengo kubwa liwe la mkate wa tangawizi kwa asilimia 75. Nyumba isipite karibu santimetre 60 kwa upana na kimo. Ukificha mti au waya au karatasi, umetoka. Watu wengi wanakuja kuangalia, wanaweka gari, wanalipa, na sehemu ya feza ile ya magari imepewa vyama vya kusaidia watu wa kule.

Wa pili: Bergen, katika Norwe, mji wenye mvua nyingi sana. Kila mwaka tangu 1991 wanajenga mji mzima wa mkate wa tangawizi, wanauita Pepperkakebyen. Si kazi ya mafundi. Shule za watoto wadogo, shule kubwa, jamaa, watu wa kazi, kila kundi linaoka nyumba yake na kuileta. Zinawekwa pamoja, barabara, makanisa, mashua na gari-moshi. Wageni wananunua tiketi, na faida inatumika kwa kusaidia watoto.

Mwezi wa Novemba 2009 jambo baya lilifika. Usiku mmoja mtu aliingia, akauponda mji ule, nyumba kwa nyumba. Asubuhi ilikuwa makombo. Lakini watu wa Bergen hawakukaa kulia. Waliwasha furu zao, wakaoka upya, wakaleta nyumba nyingine, na mji ukafunguliwa tena mwaka uleule. Sisi tunaona hapa ndipo tunajifunza zaidi: kama thamani ingekuwa katika mkate, ingekwisha usiku ule. Thamani ilikuwa katika mikono mingi iliyokubali kuanza tena bila malipo.

Wa tatu: Bryan, katika Texas, Marekani, mwaka 2013. Pale walijenga nyumba ya mkate wa tangawizi kubwa kupita zote, ikaandikwa katika kitabu cha Guinness. Urefu wake ulikuwa karibu metre 18 na upana karibu 13, ndani mbao zikishika, nje mkate. Watu waliingia ndani na kutoa mchango wao kwa hospitali ya pale, ili ipate pahali pa kutunza watu walioumia sana katika aksida. Waliingiza humo mayai 7,200, siagi kilo zaidi ya 800, na unga kilo zaidi ya 3,000.

5. MAYAI 7,200

Tuliposoma hesabu hii katika dortuari, kelele ilipanda. Shule ya wanafunzi 400 ingegawa mayai yale 18 kwa kila mmoja! Wengine wakasema: hiyo ni kutupa chakula, hakuna hospitali inayoweza kusafisha jambo hilo. Nyuma ya wiki nyingi mbele ya watu mkate umekamata vumbi, umekuwa kama ubao, hata hauwezi kuliwa. Mama mmoja hapa kwetu akipata mayai mawili anampelekea mgonjwa, hapambi nayo dirisha.

Wengine wakajibu: msiangalie yai tu, angalieni yai limeleta nini. Kama mtu anapanda mbegu, si anatupa chakula katika udongo? Mahindi anayopanda angeweza kuyala leo. Tena wale walioshiba hawangetoa feza bure kwa wagonjwa wasiowajua. Nyumba iliwaita, wakaja, wakatoa.

Sisi wa kamati hatutaki kuhukumu watu wa mbali wenye maisha tofauti na yetu. Lakini tunaona pande zote mbili zimeshika ukweli nusu. Mbegu ni mbegu kama inazaa. Isipozaa, ni chakula kilichotupwa. Basi mbele ya kusifu au kulaumu mshindano wowote wa msaada, tuulize maulizo matatu, yale ambayo Hänsel na Gretel hawakuuliza mbele ya nyumba tamu:

Moja: Kilichoingia kimepita kilichotoka? Kama darasa linatumia franka elfu kumi kwa pambo na kukusanya elfu nane, hapo hakuna msaada, kuna sikukuu yetu wenyewe.

Mbili: Sheria ilijulikana na wote mbele ya kuanza? Asheville kijana wa miaka 13 anajua sheria sawasawa na fundi. Pasipo sheria, mwenye mjomba tajiri anashinda kila mwaka, na wengine wanakata tamaa.

Tatu: Hesabu ilisomwa mbele ya watu? Hapa njo nyumba inajulikana kama ni msaada ao ni mtego. Sukari ya nje wote wanaiona. Sanduku la ndani lifunguliwe vilevile wote wakiona. Mtu anayekasirika ukimwomba hesabu ya mchango, mwogope.

6. NA SISI TUFANYE NINI?

Tunasema wazi: hatushauri mtu ajenge nyumba ya ngano na mayai katika shule hii. Bei ya unga kila mtu anaijua, na wagonjwa tunaotaka kuwasaidia wanakosa chakula chenyewe. Kutupa chakula ili kukusanya chakula, pahali petu, haiko akili.

Lakini mshindano wenyewe unaweza kutufaa. Mikono yetu inajua kujenga. Nani kati yetu hakutengeneza gari kwa mabua ao kwa waya akiwa mtoto? Tunapendekeza hivi:

– Kila darasa lijenge nyumba moja, isipite santimetre 60 kila upande.
– Vifaa ni udongo, mabua ya mahindi, majani makavu, na kartoni iliyokwisha kutumika. Hakuna kitu cha kununua. Kikionekana kitu kilichonunuliwa, nyumba inatoka.
– Nyumba ziwekwe katika jumba kubwa siku wazazi wanapokuja. Mbele ya kila nyumba kuwe sanduku na kikapu. Mgeni anayependa nyumba fulani aweke franka katika sanduku, ao kikombe cha maharagwe katika kikapu. Franka na maharagwe ndiyo kura.
– Masanduku yafunguliwe siku ileile, mbele ya mwalimu mmoja na wanafunzi wawili wa kila darasa. Hesabu iandikwe katika gazeti hili, mpaka franka ya mwisho na kikombe cha mwisho.
– Darasa litakaloshinda lipate heshima ya kupeleka vitu hospitalini. Zawadi nyingine hakuna.

Tunajua wako watakaosema darasa la mwisho linataka kushinda kwa sababu lina mafundi. Jibu letu: sisi wa darasa la mwisho tuko tayari kujenga nje ya kura, tukikusanya kwa wagonjwa tu.

Kamati haijakata shauri. Mapendekezo ya madarasa mengine tunayangojea pia, na lililo bora litafuatwa hata kama si letu. Kila kapita wa darasa azungumze na wenzake, kisha alete jibu kwa mwandishi wa kamati mbele ya siku ya Posho, saa sita. Darasa lisiloleta jibu litahesabiwa ya kuwa limekubali.

Kwa jina la kamati ya wanafunzi,
Kapita mkubwa, darasa la mwisho.